Habari za Kurejea Kwetu Nyumbani

Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu katika sikukuu ya Yubile



Tumeagizwa na wakubwa wetu tuseme nanyi maneno machache katika siku hizi za furaha. Tulipouliza tuseme habari gani, tuliambiwa, “Semeni habari za safari yenu.” Tukafikiri sana, kwa sababu habari za safari mmekwisha kuzisikia: habari za ndege, na za mji wa Pune katika Bara Hindi, na za mvua zake zinyeshazo tangu mwezi wa Juni mpaka Septemba, na za chuo ambamo mmoja wetu alijifunza mambo ya dini miaka miwili, mkewe akiwa pamoja naye. Habari hizo ni tamu kuzisimulia. Lakini kwenda hakukutushinda; kulikotushinda ni kurejea. Basi ya marejeo ndiyo tutakayoyanena leo. Yana aibu kidogo ndani yake, walakini twaona ni haki yenu kuyajua.

Tena yanapatana na siku hizi. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, twasoma ya kuwa Waisraeli waliamriwa kuutakasa mwaka wa 50. Baragumu ilipigwa katika nchi yote, na kila mtu aliyekuwa ameuza shamba lake, au aliyejiuza nafsi yake kwa umaskini, alirejea kwenye urithi wake na kwa jamaa zake. Hivyo Yubile asili yake ni sikukuu ya marejeo. Lakini fikirini, wapenzi: mtu huyo aliyekaa mbali miaka mingi, alipofika mlangoni alikuta nini? Shamba lilikuwa limelimwa na mwingine. Watoto walikuwa wamekua. Torati inamwamuru arejee, wala haimwambii kwamba siku ile ile atakuwa mwenyeji.

Tulipoondoka tuliacha watoto watatu. Wawili walikuwa shuleni, na kitinda mimba wetu alikuwa na umri wa miaka mitatu; wote tuliwaweka mikononi mwa bibi yao. Kanisa letu dogo pamoja na darasa la ubatizo tulimwachia kijana mmoja, ambaye zamani tulimfundisha sisi wenyewe. Darasa lilikuwa na watu 11. Tukampa funguo, tukamwombea, tukaenda zetu.

Huko ugenini tulijifunza mengi. Sokoni tuliwasikia wauzaji wakiliita embe “amba,” na gari “gadi,” tukafurahi kama watu waliokutana na jamaa njiani, kwa kuwa maneno hayo yalivuka bahari zamani katika majahazi yakafika kwetu. Kila usiku tuliketi wawili tukazungumza habari za nyumbani. Na hapa pana hatari, ninyi mliooana mnaosafiri pamoja, isikieni. Mtu aliye peke yake akisema, “Nyumbani ni hivi,” hana wa kumwitikia, naye huenda akajitilia shaka. Bali wawili, mmoja akisema, mwenziwe huitikia. Na neno lililoitikiwa huonekana kuwa kweli. Hivyo tuliichora nyumbani kwetu katika mawazo, tukaitundika ukutani kama picha. Picha haikui, wala haizeeki. Wale tuliowaacha walikuwa wakikua na kuzeeka, nasi hatukujua.

Wakati wa likizo moja tulikwenda mji wa Nashik, kiasi cha kilomita 200 kutoka Pune, ulio kando ya mto Godavari. Tulikuwa na sababu. Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa baharini, na watoto wengi wa Kiafrika walipelekwa Bombay, mji uitwao sasa Mumbai. Baadhi yao walilelewa na wamisionari karibu na Nashik, mahali paitwapo Sharanpur, wakafundishwa kusoma na kazi za mikono. Miongoni mwao walikuwa William Jones, aliyekuwa Myao, na Ishmael Semler. Mwaka 1864 wote wawili, pamoja na wake zao, walirudishwa upande huu wa bahari, wakaletwa Rabai kumsaidia Johannes Rebmann, ambaye alikuwa katika nchi hii tangu mwaka 1846. Tulisimama katika mji ule tukawakumbuka, tukamshukuru Mungu. Lakini fundisho lao hatukulielewa siku ile. Tulilielewa baada ya kufika kwetu na kukosa.

Basi miaka miwili ikaisha, tukarejea. Watu walikuja kutulaki kwa vigelegele na nyimbo. Kitinda mimba wetu, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano, alivikwa nguo nzuri akaletwa mbele yetu. Akatuamkia kwa adabu, kama awaamkiavyo wageni waliokuja kumwona bibi. Kisha akaenda kujificha nyuma ya bibi yake, akaishika kanga yake. Tulicheka pamoja na watu. Ndani ya mioyo yetu hatukucheka.

Siku ya nane lilikutana baraza la kanisa. Tulikuta mambo yamebadilika. Darasa la ubatizo lililokuwa likifanywa Jumapili baada ya ibada, sasa lilifanywa Jumamosi alasiri chini ya mwembe, kwa ajili ya wale wafanyao kazi mjini. Masomo ya ibada yalisomwa na vijana na akina mama. Na darasa lilikuwa na watu 26. Ilitupasa kumshukuru Mungu kwa hao 26. Badala yake, yule wetu aliye mwalimu alisimama akanena karibu saa nzima. “Kule tulikotoka,” alisema, “mambo hayaendi hivi. Kule tulikotoka darasa lina kitabu cha mahudhurio. Kule tulikotoka mtu hafundishwi chini ya mti.” Kisha akamgeukia yule kijana, akamsahihisha mbele ya watu wote, kama mtoto wa shule aliyekosa hesabu.

Kijana aliinamisha macho, akasema, “Ndiyo, Mwalimu.” Akatoa funguo za kanisa mfukoni, akaziweka juu ya meza. Pakawa kimya. Ndipo mzee mmoja, ambaye si msemaji sana, alipouliza kwa upole: “Mwalimu, mwanangu, kule ulikotoka si hapa?”

Hakuna aliyecheka. Mkutano ukafungwa kwa sala fupi. Jumamosi iliyofuata walikuja darasani watu 7.

Usiku wa siku ile tulipoona hao 7, hatukulala mapema. Mmoja wetu alisema kwamba kijana ameingiwa na kiburi, na kwamba watu hawapendi maendeleo. Mwenziwe, ambaye kule Pune alizoea kuitikia, usiku ule hakuitikia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Baba watoto, mtoto wetu hanijui. Nikimvuta kwa nguvu kwa sababu nalimzaa, atalia na kumkimbilia bibi yake. Nimeomba ruhusa kwa mama, nilale nyumbani kwake, nimwogeshe mtoto pamoja naye na kumlisha pamoja naye, mpaka atakaponizoea. Nawe, kanisa lile ulimpa kijana alilee, naye amelilea. Mbona unalivuta kwa nguvu?”

Wapenzi, maneno hayo yalikuwa machungu kuyasikia, lakini yalitufaa kuliko mafundisho ya miaka miwili. Ndipo tulipowakumbuka tena Jones na Semler na wake zao. Wao hawakuweza kusema Rabai ni kwetu. Hawakuzaliwa pale, lugha ya Warabai haikuwa lugha ya mama zao, hakuna bibi aliyewangoja kizingitini. Vitabu husema habari za waume, na za wake husema kwa uchache tu. Lakini sisi tulifikiri sana habari za wale wanawake, jinsi walivyowasha moto wa kwanza katika nchi wasiyoijua. Wangaliweza kuketi kando na kujisifu kwa elimu ya Bara Hindi. Hawakufanya hivyo. Walikaa wakafanya kazi, miaka kwa miaka. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Jones na Semler daraja ya ushemasi. Mwaka ule ule Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Na Askofu alipouawa katika nchi ya Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliobaki mpaka Rabai, wakafika mwanzo wa mwaka 1886. Tena alikuwa mmoja wa wale waliowapokea watumwa watoro waliokimbilia Rabai, ijapokuwa mabwana zao walitishia vita. Mwanzo wa mwaka 1889 mamia ya watoro hao walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Ilikuwa Yubile kweli kweli. Na aliyewafungulia mlango alikuwa mtu aliyefika yeye mwenyewe kama mgeni.

Basi kama wao waliweza kupafanya pasipo kwao kuwa kwao, sisi tulikuwaje tupageuze kwetu kuwa ugeni?

Asubuhi yake, kabla watu hawajakwenda shambani, tulikwenda wote wawili nyumbani kwa yule kijana. Hatukumwita aje kwetu. Tukamwomba radhi mbele ya mkewe. Na katika baraza lililofuata tukaomba radhi mbele ya wazee, maana kosa lililofanywa mbele ya watu haliponyeshwi chumbani. Tukamrudishia funguo. Kisha yule wetu aliye mwalimu akaketi chini ya mwembe miezi mitatu, akimsikiliza kijana akifundisha, na kujifunza majina ya wanafunzi mmoja mmoja. Na yule aliye mke akaomba jembe. Wazee husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakungoja kupewa. Akalima pamoja na akina mama wa kanisa, na huko shambani akasikia yote yaliyotukia katika miaka miwili: nani alifiwa, nani aliolewa, nani aliuguza mtoto akasaidiwa na nani. Ndiko tulikorejea kwa kweli. Mwili ulirejea kwa ndege siku moja. Moyo ulirejea kwa jembe, taratibu.

Juma la tano mtoto alimwita mama yake, “Mama.” Bibi yake naye humwita “Mama” mpaka leo, nasi hatumkatazi. Darasa nalo lilikusanyika tena, ila watu wawili hawakurudi, na habari yao twaichukua mioyoni. Siku moja kijana mwenyewe aliuliza, “Mwalimu, kile kitabu cha mahudhurio mlichokisema, kiko namna gani?” Tukamwonyesha. Sasa chatumika chini ya mwembe. Elimu ile ile iliyokataliwa ilipotupwa mbele ya watu, ilipokewa ilipoombwa.

Katika Maandiko kuna mume na mke waliorejea vema, nao ni Akila na Priskila. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, twasoma ya kuwa Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi katika mji wa Rumi, nao wakaenda Korintho, wakashona hema pamoja na Paulo, kisha wakakaa Efeso. Lakini tufikapo Waraka kwa Warumi, sura ya 16, Paulo anawasalimu tena wakiwa Rumi. Hatuambiwi habari za mizigo waliyoleta, wala hotuba walizotoa juu ya Efeso. Twaambiwa jambo moja: kanisa lilikutana nyumbani mwao. Waliporejea, walifungua mlango.

Sasa, walimu wenzetu, wengi wenu mtatumwa mbali kwa masomo au kwa kazi, na wengine mtakwenda mume na mke. Nendeni, msiogope, elimu ni njema. Lakini mtakaporudi, ulizeni kabla ya kusimulia. Waulizeni waliobaki wamefanya nini, na iwashukuruni midomo yenu kabla ya kuwasahihisha. Na kila mmoja amruhusu mwenziwe kutoitikia. Mke asemaye hapana katika usiku wa namna ile ni zawadi kutoka kwa Bwana.

Nanyi wa makanisa, wapokeeni wanaorejea. Msiwaulize kwanza wameleta nini. Wengine hurejea na shahada, wengine hurejea na ugonjwa na mikono mitupu, wala hao wa pili hawapungukiwi na haki ya kuja kwao. Wapeni chakula, wapeni jembe, tena wapeni muda. Na akipatikana mzee wa kuuliza kwa upole, asinyamaze. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini aliye ngamani naye hana budi kusogea kidogo, ampishe nafasi.

Mungu wa Ibrahimu, aliyewatoa wengi makwao na kuwarudisha, atubariki katika mwaka huu wa Yubile, sisi tuliorejea nanyi mliotungoja. Awakumbuke walio mbali bado, wasiojua watarudi lini. Na wale wawili walioacha darasa letu kwa sababu yetu, awarudishe chini ya mwembe, watukute tumeketi, tunawangoja. Amina.