Tumbo Linauma na Kipimo Bado

Ndugu wanafunzi, natumaini mwalimu wenu amekwisha kuwagawia kalamu na madaftari, maana leo tutayahitaji kabla ya somo kwisha.

Juma lililopita tulijifunza kusoma cheti cha hospitali: jina, umri, kipimo kilichoandikwa, na tarehe ya kurudi. Baada ya somo lile, mama mmoja wa darasa letu la hapa Mwanza alinionyesha cheti chake mwenyewe. Alikuwa ameisoma tarehe bila kusaidiwa na mtu. Akahesabu kwa vidole, akaona ni siku 23 mbele. Kisha akaniuliza, “Mwanangu, tarehe nimeisoma. Sasa siku zote hizi za katikati, nifanye nini na tumbo hili?”

Sikumjibu upesi. Lakini jambo lenyewe nalijua kwa mwili wangu, na leo nitawaeleza.

Miaka miwili iliyopita mimi pia niliumwa tumbo lisilokuwa na jina. Maumivu yalikuwa pale mbavu zinapokutana. Usiku nilipata kiungulia, na nikila matonge manne tu nilisikia nimeshiba kama mtu aliyetoka harusini. Nilikwenda duka la dawa nikanunua omeprazoli, vile vidonge vya kupunguza asidi tumboni, nikameza nilipojisikia kumeza. Hatimaye nilimwendea daktari. Akaniandikia kipimo cha choo cha kutafuta kijidudu cha vidonda vya tumbo. Asubuhi ya kipimo nilimeza kidonge changu kama kawaida, nikapeleka choo maabara. Jibu likasema: hakuna.

Nilifurahi sana. Baada ya majuma mawili maumivu yakarudi, tena kwa nguvu. Daktari wa pili akaniuliza, “Wakati ule ulipopimwa, ulikuwa unameza dawa gani? Tangu lini? Maumivu huja kabla ya kula au baada ya kula?” Ndugu zangu, mimi ni mtu wa diploma ya chuo kikuu, kazi yangu ni kuwaambia watu wazima waandike. Sikuwa nimeandika hata neno moja. Nilibaki nikisema “nadhani, nadhani.”

Sasa tuangalie kosa langu lilikuwa wapi. Zamani waganga wengi waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinatokana na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliotesha katika maabara kijidudu kinachoishi ndani ya tumbo la mtu. Wengi hawakuwasadiki. Basi mwaka 1984 Marshall alikunywa vijidudu hivyo, baada ya kupimwa kwanza na kuonekana kwamba tumbo lake ni zima. Siku chache baadaye alianza kutapika, na alipopimwa tena tumbo lake lilikuwa limewaka. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Msiige jambo hilo nyumbani!

Kijidudu hicho huuawa kwa dawa maalumu, lakini kwanza lazima kionekane. Vidonge vyangu vya asidi havikukiua. Vilikipunguza tu, hata kipimo kikashindwa kukiona. Kwa hiyo, kwa kipimo kama kile, kwa kawaida mgonjwa huacha omeprazoli na ndugu zake majuma 2 kabla ya kupimwa, na dawa za kuua vijidudu majuma 4 kabla. Lakini sikilizeni vizuri: usiache dawa uliyoandikiwa na daktari kabla ya kumwuliza. Mwulize hivi: “Katika dawa hizi, ipi niache kabla ya kipimo, na niiache tangu tarehe gani?” Akikujibu, andika palepale. Kama kiungulia kitakusumbua katikati ya siku hizo, mwulize pia ni kitu gani unachoruhusiwa kutumia.

Vipimo vingine vina masharti mengine. Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tuna kichocho cha tumbo, ambacho mtu hukipata kwa kuingia katika maji yenye vijidudu vyake. Mayai ya kichocho na ya minyoo hayatoki katika choo kwa wingi uleule kila siku. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara anaweza kukuambia ulete choo siku 3 mbalimbali. Usidhani anakuchezea. Chombo kiwe kikavu na safi, na choo kisichanganyike na mkojo wala udongo. Kama anatafuta amiba, kifikishe kikiwa kibichi, kabla ya saa moja kupita, maana amiba hufa upesi na hapo haonekani tena. Najua mnacheka huko darasani. Chekeni, lakini andikeni.

Na wale watakaotiwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia kinywani, wataambiwa wasile kwa saa kadhaa. Chai ya maziwa nayo ni chakula. Nimemwona mtu akirudishwa nyumbani kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai, naye alikuwa amesafiri usiku kucha.

Haya, tuje kwenye daftari. Fungueni ukurasa mpya. Pigeni mistari ya kwenda chini mpate nafasi sita. Juu ya nafasi hizo andikeni: tarehe, saa, chakula, maumivu, choo, dawa. Mwalimu aandike ubaoni. Kisha mjaze mstari mmoja kama huu: “Jumanne. Saa 1 asubuhi. Chai ya maziwa, mandazi 2. Saa 3 tumbo limejaa, linanguruma. Choo mara 2, laini. Dawa hakuna.” Basi, hayo tu. Haihitaji maneno mazuri wala mwandiko wa karani. Mkikosea herufi, daktari hatawapa alama.

Katika nafasi ya dawa andikeni kila kitu kinachopita kooni kwa nia ya kuponya, pamoja na mizizi na majani mliyopewa na jirani. Wengi huficha dawa za miti shamba kwa kuona haya. Daktari hataki kuwagombeza, anataka kujua. Andikeni pia vidonge vya maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kuchubua tumbo mpaka likatoa damu, nasi watu wa jembe huzimeza kwa ajili ya mgongo bila kufikiri. Mwenye tumbo bovu asijinunulie dawa hizo. Lakini kama daktari ndiye aliyekupa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache mpaka umemwona.

Juu ya chakula, hapa ndipo watu wengi wanapojiumiza. Jirani mmoja anasema acha maharage. Wa pili anasema acha maziwa. Shangazi anasema acha ugali wa mihogo, ndizi, chumvi na nyanya. Mgonjwa akiwatii wote anabaki na uji mweupe, anakonda, na akifika hospitali daktari anashtuka kwa kukonda kule, asijue kama kumeletwa na ugonjwa au na majirani. Mimi mwenyewe nilipungua kilo 5 kwa namna hiyo.

Badala yake, punguza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukishuku maziwa, yaache kwa juma moja na uandike. Watu wazima wengi wa Afrika hawawezi kusaga sukari iliyomo katika maziwa, wakajaa upepo na kuhara, ingawa mtindi mara nyingi huwapita salama. Kama juma limepita bila mabadiliko, rudisha maziwa yako, ujaribu kitu kingine. Maharage yaloweke usiku kucha na kumwaga maji yale, yatapunguza upepo. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Usilale mara baada ya chakula cha usiku, ngoja saa 2 au 3. Ukiharisha, kunywa maji ya chumvi na sukari: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Usizidishe chumvi.

Sasa nasema neno ambalo sitaki mtu alisahau. Kuna dalili zinazofuta tarehe ya cheti. Ukitapika damu, au kitu kama unga wa kahawa, ukipata choo cheusi chenye kunata kama lami, au chenye damu, tumbo likiwa gumu kama ubao kwa maumivu makali, ukivimba tumbo huku huwezi kupata choo wala kutoa upepo, ukitapika kila unachokunywa, macho yakiwa ya manjano, ukizimia, basi usingoje siku 23, usingoje hata asubuhi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama chakula kinakwama kooni, au unakonda bila kubadili chakula, rudi mapema ukawaambie, wakupe tarehe ya karibu. Jambo moja dogo: vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito hugeuza choo kuwa cheusi. Hivyo mwambie daktari kama unavimeza.

Imebaki hofu. Baba yangu mdogo alifariki kwa ugonjwa wa tumbo, na hatukuwahi kuambiwa jina lake. Kwa hiyo mimi, kila saa 8 ya usiku nilipoamka na maumivu, nilijizika mwenyewe na kugawa mali, ingawa mali yenyewe ni baiskeli na vitabu. Sikumwambia mke wangu. Alijua hata hivyo, maana alisikia nikigeuka kitandani. Siku nilipomwambia, tumbo halikupona, ila nililala. Hofu si uongo wa mgonjwa. Tumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, na wasiwasi huweza kulifanya tumbo liume kwelikweli. Lakini msikubali mtu awaambie “ni mawazo tu” kabla ya kipimo.

Kipimo changu cha pili, nilichokifanya baada ya kuacha vidonge majuma 2, kilikiona kijidudu. Nilipewa dawa za siku 14. Si kila mtu hupata jibu namna hiyo. Wengine hupimwa choo, damu na kamera, wakaambiwa hakuna kidonda wala mdudu, na tumbo bado linauma. Jibu hilo huudhi, nalo ni jibu. Daktari amekwisha kuondoa magonjwa kadhaa mabaya, na daftari lako ndilo atakalolitazama baadaye kujua chakula gani na nyakati gani zinakusumbua.

Mama yule wa darasa letu amebakiwa na siku 16. Ameniruhusu niseme kwamba amekwisha kujaza kurasa mbili. Katika siku 7 ameumwa siku 4, na zote 4 zilikuwa siku za kunywa chai ya maziwa. Lakini siku 2 alikunywa chai ileile na hakuumwa. Kwa hiyo hatujui bado, na anaendelea kuandika.

Kazi ya nyumbani: jazeni daftari kwa siku 3, hata ninyi mnaojisikia wazima. Mwenye mgonjwa nyumbani asiyejua kusoma amwandikie. Juma lijalo, saa hii hii, mje na madaftari hayo, tutajifunza kusoma maandishi yaliyo juu ya pakiti ya dawa. Kwaherini.