Washindi Wasiishie Dukani



Muuza vitabu anaposhangilia mshindi wa tuzo, tusimcheke. Anatukumbusha deni letu. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake Paradise ilitoka mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28! Na kisa chenyewe ni cha Yusuf, mtoto aliyetolewa kwao kwa ajili ya deni la baba yake.

Magari ya watalii hupita hapa Karatu kwenda Kreta ya Ngorongoro bila kuitwa. Vitabu haviji hivyo, sharti viletwe. Basi, kila mmoja wetu ajapo tena alete kimoja kwa maktaba ya shule: Peponi, au cha mshindi wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyoanza kutolewa mwaka 2023.

Nanyi vijana, msikubali vifungiwe kabatini. Visomeni mpaka majalada yachakae.