Mgongo Unaouma Hautaki Kitanda



Mtu akishikwa na kiuno, jamaa humtandikia godoro, humkanda kwa maji ya moto na kumkataza kuinuka. Kukanda ni kuzuri, kwani joto hulegeza misuli iliyokaza. Kulala kutwa ndiko kunakodhuru: misuli hudhoofu, viungo hukakamaa, na maumivu ambayo aghalabu yangepungua baada ya wiki chache huzidi kurefuka.

Maumivu mengi ya mgongo hayatokani na ugonjwa mkubwa. Ndiyo sababu daktari nchini Uingereza mara nyingi hampeleki mgonjwa kupigwa picha, na hiyo si dharau. Picha huonyesha hata uchakavu wa kawaida wa pingili, ambao watu wengi wasioumwa wanao, ikamtia mtu hofu bure.

Basi mgonjwa na atembee, hata kama ni kutoka jikoni hadi mlangoni, kisha aongeze kidogo kidogo. Anayetoneshwa na kurukuu na kusujudu asali ameketi kitini hadi apate nafuu. Kabla ya kununua dawa ya maumivu amwulize mfamasia, hasa akiwa mjamzito au mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo. Anayenyanyua wazee au mizigo kazini ajue kwamba kanuni za mwaka 1992 zinamtaka mwajiri apunguze hatari hiyo.

Zipo dalili zisizongoja kesho: ganzi katika sehemu za siri au makalio, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila mtu kujijua, kushindwa kuzuia haja kubwa, na miguu yote miwili kulegea. Huenda mishipa ya fahamu imebanwa, na kuchelewa kwaweza kuleta ulemavu wa kudumu. Mgonjwa aende idara ya dharura mara moja, au ipigwe simu 999.

Hapa ndipo aibu inapoponza. Mama asiyejua Kiingereza hufuatana na mwanawe ili amtafsirie. Mama gani atamtamkia mwanawe wa kiume habari za ganzi ya huko? Husema ni kiuno tu, mtoto hutafsiri kiuno tu, na daktari hutibu kiuno tu.

Mkalimani wa hospitali halipwi na mgonjwa, naye amefungwa na wajibu wa kutunza siri. Mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani mwanamke, na asipopatikana papo hapo, mara nyingi hupatikana kwa simu. Asiyeweza kuomba kwa Kiingereza aandikiwe mapema kikaratasi cha kumpa karani wa mapokezi: lugha yake, na kwamba anataka mkalimani mwanamke.