Daftari la Maabara na Mitungi Mitupu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka, Makina)



Mmetutaka sisi makarani tufanyao kazi katika maabara ya utafiti tuwaeleze mpango wa kutunza mazingira uliowekwa kazini petu. Twashukuru, ingawa twajua kwamba wengi wenu mwangojea hesabu za chama kuliko hotuba hii.

Mpango huo wafuata kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 14001, iliyotolewa kwanza mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2004 na 2015. Kanuni hiyo haipimi taka za mtu. Yataka maabara yenyewe ichunguze madhara ya kazi yake, iweke shabaha, iandike yatendwayo, ijikague, kisha isahihishe makosa. Kuifuata ni hiari. Lililo lazima ni sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 na kanuni za taka.

Tulianza na mifuko ya rangi: myeusi kwa taka za kawaida, ya manjano kwa zenye kuambukiza, na myekundu kwa zile za hatari zaidi. Sindano zilipata visanduku vyake. Vyombo vilivyooteshewa vijidudu vilipikwa kwa mvuke wa digrii 121 kabla ya kutolewa. Tukajisifu.

Kosa letu lilikuwa daftarini. Tuliandika kila mtungi wa dawa ulioingia stoo, wala hatukuandika hata mmoja uliotoka mtupu. Jioni moja mwenzetu alipita sokoni hapa Makina, akaona mitungi ya plastiki ikiuzwa, na juu ya mmoja akasoma namba aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Ulikuwa mtungi wa fomalini, ungali ukinuka kidogo. Mama mmoja alikuwa akipatana bei ili apate wa kutekea maji. Tuliununua sisi, pamoja na minne iliyokuwa kando yake.

Mvuke huua vijidudu, lakini hauondoi dawa iliyokwisha kunyweka katika plastiki. Sasa kila mtungi mtupu huoshwa, hutobolewa, hutiwa sahihi za watu wawili, kisha huchukuliwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA. Hata maji ya kuoshea hayamwagwi karoni, maana mfereji ukipasuka hushuka mtoni, na mto huo watupitia sisi Kibera kabla ya kufika Bwawa la Nairobi.

Waliokuwa wakiiuza ni wafagiaji, ili wapate nauli. Hatuwalaumu: vibandiko vilikuwa vya Kiingereza, na hakuna aliyewasomea. Mpango uliwaondolea senti hizo bila kuwapa badala yake, na ombi tulilowaandikia wakubwa kwa ajili yao bado halijajibiwa. Tutaliandika tena.

Aliye na mtungi mweupe wenye namba ya wino mwekundu ubavuni, asiutilie maji wala mafuta. Na aulete kwa katibu wa chama, apewe mpya. Hatutauliza aliununua kwa nani.