Kuchagua Chombo cha Kuwekea Nakala za Akiba za Kompyuta ya Nyumbani

Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko California, amri moja ya kufuta mafaili ilitolewa kimakosa kwenye mashine zilizokuwa na filamu ya Toy Story 2. Wahusika wa filamu wakaanza kutoweka, mmoja baada ya mwingine, huku mafundi wakitazama. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikinakiliwa sawasawa, na hakuna aliyekuwa amezikagua. Kilichowaokoa ni kompyuta yenye nakala ya filamu, iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, aliyekuwa akifanyia kazi huko kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga. Ikafungwa kwa mablanketi, ikapakiwa garini, ikarudishwa studio. Filamu ilitoka mwaka uliofuata.

Nakala ile haikusalimika kwa ubora wa mashine yake. Ilisalimika kwa kuwa mbali. Ndiyo maana mada hii inashauri kwamba anayenunua chombo cha kuhifadhia ajiulize kwanza: balaa litakaloipata kompyuta, je, litakipata na hiki?

Wengi huanza na flashi, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Flashi hutunza data kwa chaji ndogo za umeme ndani ya chipu, na chaji hizo huvuja taratibu ikikaa miaka bila kuchomekwa. Baya zaidi ni flashi bandia. Imeandikwa terabaiti 2, na kompyuta nayo inasoma terabaiti 2, kumbe chipu ya ndani ina gigabaiti chache tu. Ikijaa, mafaili mapya hufuta ya zamani kimyakimya, na majina yake yanaendelea kuonekana kana kwamba yapo. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote kisha huisoma upya, na uongo hubainika. Kazi ya flashi ni kubebea mafaili. Picha za harusi zisiachwe humo peke yake.

DVD hubeba gigabaiti 4.7, kwa hiyo terabaiti moja itahitaji diski zaidi ya 200. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hata hazina pa kuziingizia.

Kwa nyumba nyingi, chombo cha kwanza kifaacho ni diski ya nje ya kuzunguka, ile ambayo mafundi wengi huiita eksteno. Ina nafasi kubwa kuliko vingine kwa fedha ileile. Udhaifu wake ni kuanguka ikiwa inafanya kazi. Pia isiachwe imechomekwa mchana na usiku: kirusi cha WannaCry, kilichosambaa Mei 2017 katika nchi zaidi ya 150, kilifunga mafaili ya kompyuta pamoja na yale ya diski zilizounganishwa nayo. Imalize kunakili, ichomolewe, ihifadhiwe pakavu.

Hifadhi ya mtandaoni huondoa hofu ya moto na wizi nyumbani. Google hutoa gigabaiti 15 bure, zinazotosha vyeti, hati za kiwanja na picha chache. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyehitaji faili lake siku hiyo alisubiri. Ikumbukwe pia kwamba huduma nyingi za aina hii hufuatisha kompyuta: faili likifutwa huku, na kule linafutwa.

Pendekezo la mada hii ni diski mbili za nje, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeaminika, zibadilishane nafasi kila mwezi, na nyaraka muhimu ziwekwe pia mtandaoni. Wanaofuatilia mada hii wanaombwa, wakirudi nyumbani, wachukue faili moja kutoka kwenye nakala ya akiba na kujaribu kulifungua kwenye kompyuta nyingine. Lisipofunguka, wanakili upya siku hiyohiyo, wakati kompyuta yenyewe bado ni nzima.