Ukurasa Mtupu Kwanza: Namna ya Kumwanzisha Anayejifunza Kutengeneza Kurasa za Wavuti

Mada kwa semina ya walimu wa kompyuta wa shule za sekondari



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumfundisha mtu ambaye hajawahi kutengeneza hata ukurasa mmoja wa wavuti. Msimamo wangu ni huu: anayeanza apewe faili tupu, aandike maneno yake mwenyewe, kisha aone yanavyotokea kwenye kivinjari. Violezo vilivyo tayari na programu za kuburuta vitu na kuvipanga vina kazi yake, nami huvitumia. Lakini vikitangulia, mwanafunzi anatoka darasani na ukurasa unaopendeza ambao hathubutu kuugusa.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea tovuti aliyokitengenezea kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Ilikuwa na picha za maofisi ya Ulaya zilizokuja pamoja na kiolezo, na chini kabisa palikuwa na anwani ya mtaa ambao hakuna mwanakikundi aliyewahi kuusikia. Nikamuuliza kwa nini hajaiondoa. Akanijibu kwa upole kwamba hajui inatoka wapi. Alikuwa amesoma kozi ya miezi mitatu.

Shule nyingi zinaliahirisha somo hili zikisubiri kuunganishwa na intaneti. Si lazima kusubiri. Kompyuta yenye Windows ina Notepad, na ina kivinjari. Andika maneno, hifadhi faili kwa jina la index.html, libofye mara mbili: kivinjari kitalifungua kutoka kwenye diski ya kompyuta hiyohiyo, bila bando. Leseni ya kununua pia hakuna. Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake la kwanza la wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kikatangaza kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia teknolojia hiyo bila malipo. Tarehe hiyo nawatajia wanafunzi kila mwaka, maana wapo wanaoamini kwamba kitu kizuri kwenye kompyuta lazima kiwe kimeibwa.

Kuna mtego mmoja hapo mwanzoni. Notepad hupenda kubandika .txt mwishoni mwa jina la faili, na Windows huificha, kwa hiyo mwanafunzi anaamini ana index.html kumbe ana index.html.txt. Analibofya, anaona maandishi yaleyale aliyoandika, na anahitimisha kwamba hafai kwa kazi hii. Mwalimu aonyeshe siku ya kwanza namna ya kuchagua “faili zote” wakati wa kuhifadhi. Ni dakika mbili tu, lakini mwanafunzi anabaki.

Sasa tuingie kwenye HTML yenyewe. Hati ya mwaka 1991 iliyoeleza lugha hii ilikuwa na tagi 18. Leo ziko zaidi ya 100, lakini mwanafunzi wa wiki ya kwanza anatosheka na sita: h1, p, ul, li, a na img. Ugumu wake ni kwamba majina haya ni vifupisho vya Kiingereza, na mtoto anayakariri kama namba za simu. Mimi huyafundisha kwa kuyasoma kwa Kiswahili. h1 ni kichwa kikuu, p ni aya, ul ni orodha, li ni kipengee cha orodha. Herufi a imetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya nanga, na wanafunzi waliokulia pwani hulipokea haraka: ni mahali kiungo kinapofungwa.

Naomba nieleze jinsi kusoma huko kunavyofanya kazi, maana ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote. Binti mmoja wa kidato cha pili aliamua kutengeneza ukurasa wa bei za duka la mama yake. Aliandika hivi:

<h1>Khanga na Vitenge vya Mama<h1>
<p>Khanga, doti moja: shilingi 12,000</p>

Akafungua kivinjari, na kila kitu kikatokea kwa herufi kubwa nene: kichwa, bei, hata maelezo ya duka lilipo. Kivinjari hakikumwambia lolote. Hiyo ndiyo tabia ya HTML, na mwalimu anapaswa kuijua vizuri: ukikosea, kivinjari hakikugombezi wala hakisimami, kinakisia ulichokusudia na kuendelea. Kwa anayeanza ni huruma kubwa, kwa sababu daima anaona kitu. Lakini pia hakuna anayemwonyesha alipoteleza.

Sikumwonyesha kosa. Nilimwomba aweke kidole kwenye skrini asome kwa sauti, kila tagi kwa jina lake la Kiswahili. Akaanza: “Fungua kichwa. Khanga na Vitenge vya Mama. Fungua kichwa...” Akanyamaza. Akarudisha kidole nyuma. “Mwalimu, sijafunga.” Akaongeza mkwaju mmoja, akahifadhi, akabonyeza F5, na bei zikarudi kwenye ukubwa wake. Tangu hapo “sijafunga” likawa neno la darasa zima. Mwenye Firefox anaweza pia kubonyeza Ctrl na U: msimbo wa ukurasa utafunguka na penye kasoro patawekwa rangi nyekundu. Lakini kidole na sauti vitangulie.

Jambo jingine tunalolipuuza ni lugha ya ukurasa. Kwenye tagi ya kwanza kabisa ya ukurasa, yaani html, mwanafunzi aandike lang="sw". Mifano mingi tunayonakili ina lang="en", na tunaiacha hivyo. Msomaji asiyeona anayetumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, anaweza kusomewa Kiswahili, kwa kuwa sauti ya eSpeak NG inayokuja nayo inakijua. Ukurasa ukijitangaza kuwa wa Kiingereza, maneno yetu hutamkwa kwa Kiingereza na hayaeleweki. Herufi mbili tu zinaamua kama mtu huyo ataipata habari au ataikosa. Silichukulii hili kama pambo, na naomba nanyi msilichukulie hivyo.

Picha nazo zinahitaji uangalifu. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kufika megabaiti 4. Weka kumi, na mteja wa vitenge anatumia megabaiti 40 za bando lake kabla hajaona bei. Zikipunguzwa upana hadi pikseli 800, kila moja hubaki na kilobaiti mia na kitu, na kwenye skrini ya simu hutaona tofauti. Na jina la picha liandikwe kwa herufi ndogo bila nafasi. Duka.JPG na duka.jpg ni kitu kimoja kwenye Windows, lakini seva nyingi hutumia Linux, na huko ni mafaili mawili tofauti. Hapo ndipo tunaposikia, “Mwalimu, kwangu ilikuwa inaonekana!”

Rangi na mpangilio, yaani CSS, vije baada ya ukurasa kusomeka ukiwa mtupu. JavaScript isubiri muhula mwingine. Kununua kikoa cha .co.tz kusubiri zaidi, mpaka mwanafunzi awe na ukurasa ambao angeudumisha hata kama hakuna anayempa maksi.

Yule binti alimwonyesha mama yake ukurasa kwenye simu siku ya kufunga shule. Mama akausoma mpaka mwisho, akasema bei ya khanga imepanda, ni 13,000 sasa. Binti akaenda kwenye kompyuta, akafungua faili, akaitafuta aya ya khanga kwa kidole, akaibadilisha namba. Mama alikuwa bado amesimama mlangoni na mkoba wake.