Mzazi na Mwalimu Wanapopishana Kuhusu Mtoto



Mwaka 1987 Thomas Achenbach na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 119 ili kuona watu wazima wanakubaliana kiasi gani kuhusu tabia ya mtoto yuleyule. Kwa wanaomwona mahali pamoja, kama baba na mama, uwiano ulikuwa wastani wa 0.60. Kwa wanaomwona mahali tofauti, kama mzazi na mwalimu, ulikuwa 0.28. Tukiona pengo hilo, wengi wetu tunakimbilia kuuliza nani anaficha. Ninachoshikilia ni kwamba mara nyingi wote wawili wanasema kweli, na pale wanapopishana ndipo penye habari za mtoto.

Chukueni mtoto wa miaka mitano, darasa la awali. Mwalimu anasema tangu shule ifunguliwe hajatoa neno: jina lake likiitwa anainamisha kichwa, akibanwa haombi ruhusa, anajikojolea. Mama anashangaa, maana nyumbani mtoto huyohuyo anaimba, anagombana na dada yake, na jioni anamsimulia bibi yote ya shuleni. Mwalimu peke yake angeona kiburi. Mama peke yake asingeona lolote. Taarifa zote mbili zikikutana, inaonekana hofu inayomshika mtoto akiwa darasani tu. Hofu hiyo inatibika, fimbo huizidisha.

Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta matatizo ya tabia na hisia kwa takriban asilimia 13 ya watoto wa mwaka 1 hadi 6. Sonona ya mama ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na matatizo kama hayo. Barua ya kumwita mzazi haiulizi habari hiyo. Mama anafika akitegemea kusomewa mashtaka, anasimama mlangoni mwa ofisi iliyojaa walimu, anaulizwa, "Mama, huyu mtoto unamleaje?" Hata kama hajapata usingizi wiki nzima, hapo hatasema.

Mpeni kiti, mzungumze faragha. Ulizeni yanayojibika: jambo hili lilianza lini? Mtoto analala na nani? Kuna aliyehama au kufariki nyumbani? Na mwalimu naye, mwenye darasa lililofurika, aulizwe anahitaji nini. Gerald Caplan, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu ushauri ambao wataalamu wa afya ya akili huwapa watu kama walimu, alisisitiza kwamba mtaalamu hamwamuru mwalimu. Mwalimu yuko huru kuukubali ushauri au kuukataa. Sharti hilo nalithamini sana.

Kwa mtoto wetu, mama na mwalimu wanaweza kuanza kesho. Mama amlete mapema, darasa likiwa tupu, waongee yeye na mtoto humo ndani, mwalimu akipanga madaftari kwa mbali na kusogea kidogokidogo kadiri siku zinavyokwenda. Wakubaliane ishara ya mkono ya kuomba kwenda chooni. Wiki kadhaa zikipita bila mabadiliko, apelekwe kwa mtaalamu, na wote wawili waende, kila mmoja na maelezo yake.